Tumbo la Mgonjwa Anayelishwa kwa Mpira: Maswali ya Wanaouguza Nyumbani

Mama yetu alipata kiharusi na analishwa kwa mpira uliopitishwa puani. Tangu juzi anaharisha. Je, tusimamishe chakula?

Msikimbilie kukisimamisha, kwa sababu mgonjwa asiyepata lishe huishiwa nguvu upesi, na mara nyingi si chakula chenyewe kinachomharisha. Anzeni na dawa. Antibayotiki huvuruga bakteria wanaoishi tumboni kwa faida yetu, na dawa nyingi za maji hutiwa sorbitoli, aina ya sukari inayovuta maji ndani ya utumbo, hata mgonjwa anayepewa dawa kadhaa za namna hiyo akaharisha ilhali uji wake hauna kasoro. Mpelekeeni daktari chupa zote azione. Msikatize dozi wenyewe.

Kisha tazameni usafi, na hapa nawaomba mniwie radhi nikisisitiza. Uji wa kutwa nzima hupikwa alfajiri, ukamiminwa kwenye chupa ya chai, na ikifika jioni umekuwa vuguvugu, hali ambayo vijidudu hustawi mno. Uji, mtori au maziwa ya nyumbani yasikae nje zaidi ya saa 2; kama hamna friji, pikeni kidogo kidogo kwa kila mlo. Bomba la sindano lioshwe kwa sabuni na maji ya moto huku kile kijiti cha kusukumia kimechomolewa, kwa kuwa utando wa maziwa hujificha nyuma ya mpira mweusi ulio kwenye ncha yake.

Akishalishwa tumbo hujaa, na wakati mwingine hutapika. Tunakosea wapi?

Yaelekea ni kasi na mkao. Mwinueni kichwa na kifua kwa nyuzi 30 hadi 45, na abaki hivyo kwa muda wa saa 1 baada ya mlo. Badala ya kusukuma chakula, chomoeni kijiti, inueni bomba, kishuke chenyewe taratibu. Mililita 300 zichukue angalau dakika 20. Chakula kilichotoka kwenye friji kiachwe kwanza kipungue baridi. Kabla ya kila mlo hakikisheni alama iliyowekwa kwenye mpira haijasogea kutoka puani, na akikohoa au kuhema kwa shida acheni mara moja, kwani huenda chakula kinaingia mapafuni.

Hajapata choo kwa siku 5, ila kuna majimaji yanayomtoka kidogo kidogo. Huko si kuharisha?

Inawezekana ni kinyume chake: choo kigumu kimeziba, na majimaji yanapenya pembeni. Msimpe dawa ya kuzuia kuharisha kabla hajapimwa. Chanzo huwa ni upungufu wa maji, kulala bila kugeuzwa, au dawa kali za maumivu kama mofini. Mililita 30 za maji za kusafishia mpira kabla na baada ya mlo hazimtoshi kwa siku. Kiasi cha nyongeza apange daktari, hasa kama ana ugonjwa wa moyo au figo.

Ni lini tumpeleke hospitali bila kungoja?

Akitapika damu au matapishi ya kijani, akitoa choo chenye damu au cheusi kama lami, tumbo likivimba na kuwa gumu, akipata homa, akikojoa kidogo mno, au akilegea na kusinzia kuliko kawaida yake.