Wagonjwa Wangapi Wanatosha Kugeuza Matokeo ya Utafiti wa Viungo Bandia?

Mgonjwa wa Wete au Makunduchi anayeshauriwa kubadilishwa goti au nyonga huenda akaambiwa kuwa njia fulani ya upasuaji imethibitishwa na utafiti. Ana haki ya kujua uthibitisho huo una nguvu kiasi gani.

Tuchukue mfano wa hesabu. Wagonjwa 200 wamegawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili yenye idadi sawa, na baada ya mwaka mmoja kundi la kwanza lina mgonjwa 1 mwenye maambukizi kwenye kiungo bandia, la pili lina 8. Kwa kipimo cha takwimu cha Fisher, thamani ya p, yaani uwezekano wa kuona tofauti kubwa kiasi hiki au zaidi kwa bahati tu iwapo njia hizo mbili ni sawa, ni 0.035, chini ya mpaka uliozoeleka wa 0.05, na njia ya kwanza itatangazwa kuwa bora. Lakini akiongezeka mwenye maambukizi mmoja tu kati ya wale 100 wa kundi la kwanza, wakawa 2 kwa 8, thamani hiyo inapanda hadi 0.10 na tangazo linakosa mashiko. Idadi ya wagonjwa wanaotosha kugeuza hukumu, ambayo hapa ni 1, huitwa fahirisi ya udhaifu.

Mwaka 2014 watafiti waliyapima hivyo majaribio 399 ya majarida makubwa ya tiba. Fahirisi ya kati, yaani ile inayogawa majaribio nusu kwa nusu, ilikuwa 8; robo ya majaribio yalikuwa na 3 au pungufu; na katika asilimia 53, wagonjwa waliopotea kwenye ufuatiliaji walizidi fahirisi yenyewe. Hilo la mwisho ndilo zito zaidi kwangu, kwa kuwa hakuna ajuaye yaliyowapata waliopotea.

Katika upasuaji wa viungo, maambukizi hutokea kwa takriban wagonjwa 1 hadi 2 katika kila 100, hivyo jaribio dogo huamuliwa na watu wachache mno. Fahirisi ndogo haimaanishi kuwa matokeo ni ya uongo, na haifai kwa vipimo vya alama kama vya maumivu. Isomwe pamoja na ukubwa wa tofauti yenyewe.

Kwetu visiwani, mgonjwa wa Pemba aliyepasuliwa Unguja hurudi kwao kwa boti, na jeraha likianza kutoa usaha hukimbilia hospitali ya jirani, huku daftari la utafiti likibaki tupu. Ndiyo maana mtafiti anapaswa kuandika, tangu siku ya kwanza, shehia ya mgonjwa, simu ya jamaa yake na kituo cha afya anachokitumia.