Taharuki: maana, matumizi na asili yake

Taharuki ni hali ya kupatwa na hofu ya ghafla hadi mtu akahangaika, asijue ashike lipi. Hiyo sehemu ya kuhangaika ndiyo inayosahaulika. Unaweza kuwa na hofu mwezi mzima, hofu ya kodi ya nyumba au ya majibu ya vipimo, na bado ukaenda kazini, ukarudi, ukalala. Aliyetaharuki hatulii.

Fikiria daladala iliyojaa, inatoka Mbagala asubuhi. Moshi unafuka karibu na dereva, abiria mmoja anapiga kelele "Moto!" Kabla konda hajafungua mlango, watu wameshaanza kutokea madirishani, mtoto analia, kiatu cha mtu kimebaki sakafuni. Hiyo ni taharuki, hata kama baadaye itabainika kwamba ni rejeta tu iliyochemka.

Wakazi wa Dar es Salaam wana kumbukumbu nzito zaidi. Usiku wa Februari 16, 2011 mabomu yalilipuka katika ghala la silaha la kambi ya jeshi Gongo la Mboto, hata miaka 2 haijatimia tangu milipuko ya Mbagala ya Aprili 29, 2009. Watu walikimbia gizani bila kujua waendako, watoto wakapotezana na wazazi wao. Ukisema usiku ule palikuwa na hofu, umesema nusu tu.

Asili ya neno inaeleza jambo hilo vizuri. Limetokana na Kiarabu, taharruk, yaani kusogea au kujongea, na mzizi wake ndio uliotupa pia haraka na harakati. Linganisha: hadhari na tahadhari, fikira na tafakari, haraka na taharuki. Kule kwenye Kiarabu halina hofu ndani yake, ni mwendo tu. Waswahili ndio waliolitia hofu, na kwangu mimi walipatia sana, kwa sababu hofu hii huonekana miguuni kabla haijasemwa mdomoni.

Kimatumizi, taharuki ni nomino na pia ni kitenzi: "taharuki ilitanda sokoni", "abiria walitaharuki". Anayeisababisha anataharukisha watu, au, kama magazeti yanavyopenda kuandika, anazua taharuki. Jirani zake ni fadhaa, inayomvuruga mtu moyoni, na kiwewe, kinachoweza kumwacha ameduwaa palepale.

Vijana wa mjini husema kupaniki, kutoka Kiingereza, ambako neno hilo linarudi hadi kwa Pan, mungu wa wachungaji katika visasili vya Wagiriki. Lakini ukiambiwa "mbona unapaniki?" Kariakoo, huenda unaulizwa kwa nini umekasirika. Kwa hiyo si mbadala kamili wa kutaharuki.

Wanafunzi wa sekondari hukutana na neno hili kwenye fasihi, na wengi hulikosea kwa kudhani ni lazima hadithi iwe ya kutisha. Huko taharuki ni mbinu ya kumtia msomaji shauku ya kujua kitakachofuata. Mlango unagongwa usiku wa manane, mwenye nyumba anauliza "Nani?", sura inaishia hapo. Msomaji naye hatulii mpaka afunue ukurasa.