Je, wajua kwa nini hazina za utafiti za vyuo vikuu hazikuungana kuwa maktaba moja?

Vyuo vikuu vingi duniani vina hazina ya utafiti, yaani mfumo wa mtandaoni ambamo makala, tasnifu, ripoti na data za wanataaluma wa chuo huwekwa ili yeyote azisome bila malipo. Programu zinazoendesha hazina hizo ni chache na zinafanana, itifaki zinayotumia kuwasiliana na kompyuta nyingine ni moja, na walioibuni walitarajia kwamba msomaji angeuliza mahali pamoja na kujibiwa na hazina zote. Matarajio hayo hayakutimia kama yalivyokusudiwa. Msomaji wa leo hufika kwenye hazina ya chuo akitokea kwenye injini ya utafutaji, hufungua faili moja, kisha huondoka bila kutambua kwamba alikuwa ndani ya hazina. Kwa nini?

Jibu nililokuwa nalo kwa miaka mingi lilikuwa rahisi, nami nililitoa kwa uhakika kila nilipoulizwa: hazina hizo ni ghala lisilojaa. Wanataaluma hawaoni faida ya kupakia makala ambayo jarida limekwisha kuichapisha, hakuna anayewalazimisha, na ghala lisilo na bidhaa haliwavutii wanunuzi hata likijengwa vizuri namna gani. Jibu hilo lina sehemu ya ukweli, na ndiyo maana nililiamini kwa muda mrefu. Mwaka 2007 Philip Davis na Matthew Connolly walichapisha uchunguzi kuhusu hazina ya Chuo Kikuu cha Cornell, wakaonyesha kwamba makusanyo yake mengi yalikuwa na kazi chache sana, na kwamba wahadhiri walikuwa na sababu zinazoeleweka za kutoitumia. Baadhi walikuwa na kurasa zao binafsi, wengine walihofia masuala ya hakimiliki, na wengine hawakupenda kazi zao zikae pamoja na kazi zisizojulikana ubora wake. Mwanafizikia, ambaye tangu 1991 alikuwa na arXiv, hazina ya pamoja ya mtandaoni ya makala za fizikia na fani jirani iliyoanzishwa na Paul Ginsparg, aliitazama hazina ya chuo kama safari ya pili kuelekea mahali ambapo tayari amefika.

Hata hivyo, jibu la utupu haliwezi kusimama likipimwa kwa tasnifu. Tasnifu haingoji hiari ya mwandishi wake: vyuo vingi havimtunuku mtahiniwa shahada mpaka akabidhi nakala ya kidijitali, na chuo kikuu cha Virginia Tech nchini Marekani kilianza kudai hivyo mwaka 1997, kabla ya kuandikwa kwa programu za hazina zinazotumika leo. Katika fungu hili ghala limejaa. Tena limejaa kitu kisichopatikana kwingine, maana tasnifu nyingi hazichapishwi kama vitabu, na mwenye nakala rasmi ni chuo chenyewe. Kama utupu ndio uliokuwa ugonjwa, basi tasnifu zingekuwa zimepona zamani na kuwa maktaba moja ya dunia, yenye mlango mmoja na orodha moja inayoaminika. Sivyo ilivyo. Mtu anayetafuta tasnifu zote kuhusu mmomonyoko wa fukwe hulazimika kupita katika orodha kadhaa zinazotofautiana, akikuta rekodi zilizorudiwa, rekodi ambazo anwani zake zimekufa, na rekodi zinazompeleka kwenye ukurasa mzuri usio na faili yoyote.

Niliupuuza ushahidi huo kwa sababu ya neno ghala lenyewe. Ghala hupimwa kwa kilichomo ndani, na mtu akishalipokea neno hilo, kila tatizo la hazina hugeuka kuwa tatizo la ujazo: itungwe sera ya lazima, wahadhiri wakumbushwe, idadi ya faili itangazwe kila mwaka. Sera za lazima zimefanya kazi yake pale zilipotungwa kwa uthabiti. Kitivo cha Sanaa na Sayansi cha Harvard kilipitisha yake mwaka 2008, na mwaka huohuo nchini Marekani uwekaji wa makala zinazofadhiliwa na Taasisi za Kitaifa za Afya katika PubMed Central, hazina ya pamoja ya makala za tiba, ulihama kutoka ombi la hiari hadi sharti la kisheria. Lakini walioziwazia hazina za vyuo hawakuzitazama kama maghala. Clifford Lynch, aliyeongoza kwa miaka mingi Coalition for Networked Information, muungano wa taasisi zinazoshughulikia taarifa za kidijitali za kitaaluma, alizieleza mwaka 2003 kuwa ni huduma ambazo chuo huwapa watu wake ili kusimamia na kusambaza kazi zao za kidijitali. Na wahandisi waliotangulia kidogo kabla yake walikuwa na wazo la ujasiri zaidi: kila chuo kitunze chake, na thamani kubwa izaliwe nje ya vyuo vyote, mahali ambapo rekodi zao zitakusanywa. Kwa hiyo panapostahili kuchunguzwa ni njia inayounganisha ghala moja na jingine.

Njia hiyo ina jina, OAI-PMH, na ni itifaki ya kuvuna metadata, yaani taarifa zinazoieleza kazi, kama jina lake, mtunzi na tarehe. Ilitokana na mkutano uliofanyika Santa Fe, New Mexico, mwezi Oktoba 1999, ikatoka rasmi mwaka 2001, na toleo lake la pili, la 2002, ndilo linalotumika hadi sasa. Programu mbili za hazina, EPrints ya Chuo Kikuu cha Southampton, iliyotoka mwaka 2000, na DSpace ya MIT na Hewlett-Packard, iliyotoka mwaka 2002, zote huifahamu. Namna inavyofanya kazi inastahili kuelezwa polepole, maana jibu la swali letu limejificha humo.

Fikiria mjumbe aliyetumwa kuzunguka maktaba elfu moja. Hakutumwa kuchukua vitabu. Amebeba sanduku tupu la kuwekea kadi za katalogi. Akifika mlangoni ana namna sita tu za kuuliza, ambazo waandishi wa itifaki waliziita vitenzi: anaweza kuiomba maktaba ijitambulishe, itaje aina za kadi ilizonazo, itaje mafungu iliyoyapanga, itaje namba za kadi bila kadi zenyewe, itoe kadi moja, au itoe kadi zote. Akitaka, huongeza sharti la tarehe na kusema apewe zile tu zilizoongezwa au kubadilishwa tangu alipopita mara ya mwisho. Kadi zikiwa nyingi mno, hupewa fungu la kwanza pamoja na kipande cha karatasi kinachoonyesha alipoishia, na akikirudisha kipande hicho hupewa fungu linalofuata. Ni ustadi mkubwa uliowekwa katika maneno machache. Chuo chenye seva dhaifu na mtaalamu mmoja kinaweza kujibu maswali hayo sawasawa na chuo tajiri, na usawa huo wa mlangoni ni jambo ninaloliheshimu hadi leo.

Sasa itazame kadi yenyewe. Itifaki ilizitaka maktaba zote ziwe na angalau aina moja ya kadi inayofanana, nayo ni ya Dublin Core, seti ya vipengele 15 iliyopata jina kutokana na warsha ya 1995 iliyofanyika Dublin, mji wa jimbo la Ohio nchini Marekani, wala si ule wa Ireland. Vipengele vyote 15 ni vya hiari, na kila kimoja kinaweza kurudiwa mara nyingi kadiri anayejaza anavyoona inafaa. Chukua kipengele cha kitambulisho. Mkutubi wa kwanza huandika humo anwani ya ukurasa unaoitambulisha makala. Wa pili huandika anwani ya faili ya PDF. Wa tatu huandika namba ya ISBN ya kitabu ambamo sura hiyo ilitokea. Wa nne huandika vyote vitatu bila kueleza kipi ni kipi, kwa kuwa kadi haina nafasi ya kueleza. Wote wanne wamejaza kwa usahihi. Hali ni hiyohiyo kwa tarehe, ambayo inaweza kuwa siku tasnifu ilipokubaliwa, siku ilipopakiwa, au siku ambayo zuio la kuisoma lililowekwa juu yake litakwisha.

Mjumbe anaporudi na kadi zake milioni moja, anajua kwa kiasi cha kuaminika jina la kila kazi na la mtunzi wake. Asichojua ni kama kitabu chenyewe kipo kwenye rafu, kimefungiwa kabatini, au hakikuwahi kuletwa kabisa, kwa sababu hazina nyingi huruhusu kadi isiyo na faili. Akiamua kurudi ili ajionee, anwani iliyomo kwenye kadi mara nyingi humfikisha kwenye ukurasa wa utambulisho tu. Binadamu akifika hapo hupata njia mara moja, maana jicho lake huiona ikoni ya faili. Mashine haina jicho hilo. Huona viungo kadhaa vilivyo sawa mbele yake, kimoja cha nembo ya chuo, kingine cha idara, kingine cha leseni, kingine cha takwimu za upakuaji, na mahali fulani kati yake kimoja cha makala. Kila huduma iliyotaka kukusanya matini kamili, kama CORE ya Open University nchini Uingereza, ilibidi ijifunze kukisia kiungo sahihi.

Ninachokiona kuwa cha ajabu kuliko vyote ni kwamba kiungo hicho kilichopotea kingeweza kutajwa kwa mstari mmoja. Google Scholar, iliyoanza mwaka 2004, haikuvuna kadi. Iliwaomba wenye tovuti waweke ndani ya kila ukurasa alama chache zilizofichika, mojawapo ikitaja waziwazi anwani ya PDF. Mwongozo wake hata huwashauri wenye hazina watumie alama za Dublin Core pale tu wanapokosa nyingine, kwa kuwa alama hizo hazina vipengele visivyo na utata vya jina la jarida, juzuu na kurasa. Google yenyewe iliacha kuitumia OAI-PMH mwaka 2008. Kenning Arlitsch na Patrick O'Brien, walioandika mwaka 2012 kuhusu hazina ya Chuo Kikuu cha Utah, walionyesha kwamba kazi ambazo Google Scholar haikuwa imeziorodhesha zilianza kuonekana baada ya metadata yake kugeuzwa ifuate mpangilio unaotakiwa. Kwa hakika, jaribio lao lilihusu makusanyo machache, na Google Scholar haichapishi kanuni zake zote, kwa hiyo halitoshi kutuambia ni sehemu gani ya kutoonekana kwa hazina duniani ilisababishwa na kadi. Linatosha kuonyesha kwamba kazi inaweza kuwemo hazinani, ikiwa wazi na imejazwa taarifa zake kwa uangalifu, na bado isionekane.

Ingekuwa dhuluma kuwalaumu waliobuni itifaki. Mwaka 1999 mitandao ilikuwa ya polepole, kunakili matini kamili za taasisi nyingine kulizua maswali ya sheria, na baadhi ya makusanyo yaliyotarajiwa kujiunga, kama ya makumbusho, yalihusu vitu visivyoweza kupakuliwa. Kuvuna kadi peke yake kulikuwa uamuzi wa busara kwa wakati huo. Herbert Van de Sompel na Michael Nelson, wawili kati ya wahariri wa itifaki hiyo, waliitathmini upya mwaka 2015 na kukiri kwamba ilijengwa kuizunguka hazina, wakati ambapo wavuti wenyewe umejengwa kuzunguka kitu kimoja kimoja chenye anwani yake.

Kukiri huko ndiko kunakoelekeza mabadiliko yanayopendekezwa sasa. Utaratibu uitwao Signposting huweka kwenye kila ukurasa wa utambulisho vibao vya njia ambavyo mashine huvisoma: hapa ndipo makala ilipo, huyu ndiye mtunzi, hii ndiyo leseni, hii ndiyo anwani ya kudumu ya kunukuu. Ni jambo dogo kiufundi, na kwa maoni yangu lina manufaa kuliko kampeni yoyote ya kuwahimiza wahadhiri wapakie kazi. Pendekezo jingine linakwenda mbali zaidi. COAR, shirikisho la kimataifa la hazina huria lililoundwa mwaka 2009, lilichapisha mwaka 2017 ripoti kuhusu hazina za kizazi kijacho, na baadaye likaanzisha mpango wa Notify, ambao huiwezesha hazina kutuma ujumbe kwa huduma ya mapitio ya kitaaluma na kupokea jibu, huku makala ikibaki pale ilipowekwa. Dalili kwamba jambo hilo linawezekana zilikuwapo: jukwaa la Episciences nchini Ufaransa huendesha majarida ambayo makala zake hukaa katika HAL, hazina ya pamoja ya Ufaransa, au arXiv, na jarida la hisabati la Discrete Analysis, lililotangazwa mwaka 2015, limejengwa juu ya arXiv. Katika mpangilio huo jarida huwa hukumu inayotolewa juu ya makala, na hazina ndiyo makao yake. Tahadhari inahitajika hapa, maana mifano iliyokomaa zaidi imeegemea hazina kubwa za pamoja. Hazina ya chuo kimoja chenye watumishi wachache haijathibitishwa kwa upana kuwa inaweza kubeba jukumu hilo.

Wakati huohuo, mashine zilizosubiriwa kwa miaka 20 zimefika kwa wingi. Roboti zinazokusanya matini kwa ajili ya kufunza mifumo ya akili unde huzipitia hazina bila kuuliza vitenzi sita vya itifaki wala kutaja zilipoishia mara ya mwisho. Hufungua kila ukurasa na kila kichujio cha utafutaji, mara nyingine kwa kasi ambayo seva ya chuo haiwezi kuihimili. Mwaka 2025 COAR ilitoa matokeo ya dodoso lililoonyesha kwamba wengi wa wasimamizi wa hazina waliojibu wameshakumbana na roboti za namna hiyo, na kwamba baadhi ya hazina zilipungua kasi au kuzimika kwa muda. Wengi wameweka vizuizi. Tatizo ni kwamba kizuizi kinachomzuia mgeni asiyetambulika humzuia pia mjumbe mwenye sanduku la kadi, na mara nyingine hata msomaji wa kawaida, kwa hiyo wasimamizi wa hazina sasa wanalazimika kuamua, mlango kwa mlango, ni mashine ipi iruhusiwe kupita na ijitambulishe vipi.