Je, wajua kwa nini jumba la tajiri mwenye shamba kule Louisiana, Marekani, lilijengwa kwa udongo?

Ukiliona jumba la Destrehan, kando ya mto Mississippi karibu na New Orleans, manguzo meupe manene, ghorofa, paa kubwa, unajua hapa ni matofali matupu. Kumbe kuta za juu ni udongo! Yaani mbavu za mbwa kabisa, unasimamisha nguzo za mti wa saipresi, katikati unapachika vijiti kama fito zetu, alafu unakandika udongo uliochanganywa na yale majani ya kijivu yanayoning'inia kwenye miti ya huko kama ndevu, ndo yanashika udongo usipasuke ukikauka. Wenyewe wanaita bousillage.

Sasa tajiri na hela zake zote si angejenga kwa mawe? Mawe atoe wapi, kule ni tope tupu lililoletwa na mto miaka na miaka. Matofali walichoma hapohapo, wakayaweka chini ili nyumba iinuke kama futi 10 mafuriko yasiifikie, na familia ikakaa juu kwenye upepo maana joto la huko si mchezo. Na kwa vile udongo na mvua haviivi, paa wakalishusha hadi likafunika baraza pana iliyozunguka nyumba, mvua hata ikija na upepo haigusi ukuta. (Yale manguzo manene ni ya baadaye, karne ya 19, mwanzo zilikuwa za mbao.)

Ila kinachonigusa zaidi ni fundi. Aliitwa Charles Paquet, chotara mwenye asili ya Afrika, mtu huru, na mkataba wake wa 1787 na mwenye shamba, Robin de Logny, bado upo. Malipo yake ni haya: ng'ombe na ndama wake, vipimo 100 vya mpunga, 100 vya mahindi, dola 100 kazi ikiisha, na mtumwa mmoja. Binadamu kaandikwa karatasi moja na ng'ombe! Alipewa pia watumwa 6 wa kumsaidia, wakamaliza 1790.

Ndani kuna kipande cha ukuta kimeachwa wazi bila plasta, ukikiangalia unauona udongo wenyewe na yale majani, hivyohivyo walivyoukandika.