Kuinama na kukunja mgongo ni vitu viwili

Osteoporosisi ni hali ya mfupa kupungukiwa madini na kuharibika muundo wake wa ndani, hata ukavunjika kwa jambo dogo. Kwa kipimo cha DEXA, eksirei inayopima wingi wa madini ya mfupa, Shirika la Afya Duniani huihesabu kuanzia alama T (inayolinganisha mfupa wa mtu na wa kijana mwenye afya) ya -2.5 kushuka chini. Kati ya -1 na -2.5 huitwa osteopenia. Osteoporosisi haiumi mpaka kitu kivunjike, kwa hiyo tafadhali isichanganywe na maumivu ya viungo.

Hayo yanatosha. Kinachonikera ni walimu wa yoga wanaomwambia hata mwenye mifupa kama hiyo "inama mbele" kisha wakasifu chochote kinachofuata, mradi vidole vimegusa sakafu.

Kukunja mgongo ni pale pingili zenyewe za uti wa mgongo zinapojipinda, mgongo ukawa upinde na kifua kikashukia tumbo. Sehemu ya mbele ya pingili ni mfupa wenye vitundu vingi ndani, na ndiyo inayodhoofika. Mgongo ukikunjwa, mzigo huelemea ukingo huo wa mbele. Ukibonyea, pingili hubaki na umbo la kabari, na zikiwa kadhaa, kimo hupungua na kibiongo huanza. Wengi hawajui hata kwamba wamevunjika.

Kuinama kutoka nyongani ni kitu kingine. Nyonga ndiyo inayogeuka juu ya mifupa ya mapaja, na mgongo hubaki na umbo ulilokuwa nalo mtu aliposimama. Kwa mbali mikao hii miwili hufanana, ndiyo maana mwalimu aliyesimama mbele ya darasa haioni tofauti. Atazame kutoka ubavuni.

Mwaka 1984 watafiti Sinaki na Mikkelsen wa Mayo Clinic, hospitali ya Marekani, waliwafuatilia wanawake 59 wenye osteoporosisi ya uti wa mgongo. Waliofanya mazoezi ya kukunja mgongo, asilimia 89 walipata mivunjiko au kubonyea kupya. Waliofanya ya kuunyoosha kuelekea nyuma, asilimia 16. Hata wasiofanya zoezi lolote walikuwa asilimia 67. Kundi lilikuwa dogo, na mazoezi hayakuwa ya yoga, lakini pingili haijui jina la zoezi.

Kwa hiyo "yoga ni nzuri kwa mifupa" ni sentensi nusu. Mkao wa shujaa, au wa mti karibu na ukuta, huubebesha mfupa mzigo, na mfupa huimarika kwa kubebeshwa. Mkao wa jembe, ule wa kulala chali na kupeleka miguu nyuma ya kichwa, shingo na mgongo vikiwa vimekunjwa chini ya uzito wa mwili, mwenye mifupa dhaifu hana haja nao, hata awe mlaini vipi.

Mwalimu, badala ya "gusa vidole vya miguu," jaribu kusema: "Legeza magoti kidogo, sukuma makalio nyuma, kifua kiende mbele, na uishie pale mgongo unapoanza kujikunja." Misuli ya nyuma ya mapaja ikiwa imekaza, mwanafunzi ataishia juu sana. Mwekee kiti ashikilie, na usimkandamize mgongoni.