Laptopu Haijafa: Tunayoyaamini Bure Kuhusu Windows

Haipiti wiki bila mtu kunitulia laptopu mezani hapa Mlandege, Unguja, na kuniambia: "Fundi, hii ishakufa. Windows yake imekwisha. Nitafutie mtu aichukue, hata kwa bei ya spea." Wanaosema hivi ni walimu wa skuli, wanafunzi wa SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar), wenye ofisi za utalii Mji Mkongwe, na wengine wamevuka na boti kutoka Pemba na mashine zao mkobani. Nikiifungua naikuta na RAM ya GB 8, SSD nzima, kioo hakina mkwaruzo. Hakuna kilichokufa humo ndani. Microsoft, kampuni ya Marekani inayotengeneza Windows, imetangaza tarehe, na tarehe hiyo imetosha kumfanya mtu wa Wete au wa Jang'ombe atake kutupa mali yake. Nimelijibu jambo hili kwa mdomo mpaka basi, sasa naliandika.

"Windows 10 imekwisha, lazima ninunue mashine mpya"

Si kweli, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu linamtoa pesa mtu ambaye pesa hizo hana.

Kilichotokea tarehe 14 Oktoba 2025 ni kwamba Microsoft iliacha kuitolea Windows 10 marekebisho ya usalama ya bure, mfumo ambao iliutoa Julai 2015. Mashine inawaka kama ilivyowaka siku iliyotangulia. Faili zako zipo, Word inafunguka, printa inachapa. Hatari ipo, wala siifichi: matundu mapya yatakayogunduliwa hayatazibwa, na kompyuta inayoingia intaneti kila siku na matundu yake wazi, ipo siku itaingiliwa. Lakini mfumo usiozibwa dawa yake ni kubadilisha mfumo. Kutupa chuma ni jambo jingine kabisa.

Hapo mteja huniambia, "Basi nipigie Windows 11." Hii ilitoka Oktoba 2021, na ilikuja na orodha ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, inazozikubali. Kwa Intel, ukiacha chache, orodha inaanzia kizazi cha 8, yaani prosesa zilizoanza kutoka katika nusu ya pili ya 2017. Inataka pia chipu ya usalama ya TPM 2.0. Sasa angalieni mitumba tunayoinunua Darajani na Kariakoo: HP EliteBook 840 G3, Dell Latitude E7470, mashine zilizomaliza kazi katika maofisi ya Ulaya. Hizo ni kizazi cha 6. Ni mashine madhubuti, fundi yeyote anazifungua kwa bisibisi, RAM unaongeza, diski unabadilisha. Kwa mwalimu wa kuandaa mitihani au ofisi ya watu watatu, bado zina miaka ya kufanya kazi. Orodha imezikataa.

Sababu inayotolewa na Microsoft ni usalama na uthabiti. Kwa kiasi fulani ni kweli. TPM inasaidia kutunza funguo za siri mahali ambapo virusi haifiki kirahisi. Lakini tazameni ilivyofanya Agosti 2021, kabla Windows 11 haijatoka. Watu walilalamika kwamba kizazi cha 7 kimeachwa nje. Kampuni ikasema imepitia upya, ikazikataa karibu zote, ikaongeza chache tu. Miongoni mwa hizo chache ni Core i7-7820HQ, prosesa iliyokuwa ndani ya Surface Studio 2, kompyuta ambayo Microsoft yenyewe ilikuwa bado inaiuza. Ndugu zake wa kizazi hicho hicho, waliomo kwenye mamilioni ya mashine za HP, Dell na Lenovo, wakabaki nje. Mwenye kuandika orodha ndiye mwenye kuuza bidhaa. Hapo ndipo ubaya ulipo.

Na kuna jambo la pili la kulitazama vizuri. Microsoft ilipotangaza kwamba anayetaka kubaki na Windows 10 anaweza kupata mwaka mmoja zaidi wa marekebisho, watu wa kawaida waliwekewa masharti: dola 30, au pointi za zawadi za kampuni, au ukubali kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yako kwenye akaunti ya Microsoft. Taasisi za kutetea watumiaji barani Ulaya zikapiga kelele, na Septemba 2025 kampuni ikalegeza: walio katika Eneo la Kiuchumi la Ulaya wapewe bila malipo na bila sharti la kuhifadhi mipangilio. Marekebisho ni yale yale. Tofauti ni kwamba kule kuna sheria inayouma na watu waliojipanga kuidai, na sisi huku kila mmoja analalamika peke yake kwa fundi wake.

Sisi ndio tunaoumia zaidi, na sababu yake ni rahisi. Ofisi ya Hamburg au ya Manchester inabadilisha mashine zake kila baada ya miaka kadhaa, na zile za zamani zinatufikia sisi. Kwa hiyo muda unapokatwa, unakatwa upande wetu. Mtu aliyeinunua mpya alishaitumia akaichoka. Aliyeinunua mtumba mwaka jana ndiye anayeambiwa imekwisha. Na mashine zikitupwa, zinatupwa wapi? Kisiwani hapa sijaona pahali maalumu pa kuzika betri za lithiamu na mabodi ya kompyuta. Zitaishia jaani Kibele pamoja na maganda ya madafu.

Ninachowafanyia wateja wangu ni hiki. Naweka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, kwenye flashi, nawasha laptopu kwa flashi ile ile bila kugusa kitu kwenye diski, namkalisha mtu kitini. Afungue intaneti, aingie barua pepe yake, aandike barua, aprinti. Mint inahitaji RAM ya GB 2 tu kuendeshea, na kwa GB 4 inakwenda vizuri. Ile EliteBook ya GB 8 inapaa. Akiridhika, tunahamisha faili zake kwenye diski ya nje kwanza, kisha tunapiga. Asiporidhika, tunachomoa flashi na mashine inarudi kama ilivyokuja. Kwa ofisi za utalii hasa sioni cha kuwazuia: kuhifadhi nafasi za wageni, barua pepe, WhatsApp, malipo, vyote vinapita kwenye brauza, na Firefox na Chrome zote zipo kwenye Linux.

Nani asihame? Anayetumia programu ya uhasibu iliyotengenezwa kwa Windows peke yake, na anayekula kwa Photoshop. Hawa nawaambia waziwazi wabaki, na watafute mashine ya kizazi cha 8 kwenda juu. Wengine wanaoniomba niilazimishe Windows 11 kwenye mashine iliyokataliwa, naweza kufanya, njia zipo. Ila Microsoft imeshasema mashine za namna hiyo haziahidiwi apdeti, na mimi simuuzii mtu kitu ambacho mwenye nacho anaweza kukikata kesho.

"Sisi tunatumia ya kukreki, kwa hiyo hawatupati"

Wamekupata siku nyingi. Mwaka 1998, Bill Gates alizungumza na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington kuhusu China, ambako watu walikuwa wakinakili programu bila kulipa. Alisema kwamba maadamu wataiba, anataka waibe za Microsoft. Watazoea mpaka wawe kama walevi wa kitu hicho, na huko mbele itatafutwa namna ya kukusanya. Jarida la Fortune liliyaandika maneno hayo mwaka huo huo.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Skuli imefundishia Windows iliyokrekiwa, mtoto amekua hajui kingine, akaajiriwa, na ofisi ilipotaka kuwa halali ikajikuta inalipia leseni kwa kila kichwa, sasa tena kwa mwezi. Ukikreki hukumpunguzia Microsoft nguvu hata chembe. Umemfanyia kazi ya kueneza.

Na lile unaloliita bure lina bei yake. Karibu kila aktiveta, ile programu ya kukrekia, inaanza kwa kukwambia uzime antivirusi. Jiulize kwa nini. Laptopu zilizojaa virusi ninazozipokea, aghlabu mlango ulifunguliwa hapo.

"Ingekuwa mbaya isingetumika dunia nzima"

Maalim mmoja ninayemheshimu sana hunirudishia hoja hii kila tukikutana, naye ni mtu wa kusoma. Basi nimjibu kwa rekodi za mahakama.

Zamani Microsoft ilikuwa na mikataba na watengenezaji wa kompyuta iliyowataka walipe kwa kila mashine wanayoiuza, iwe ina mfumo wa Microsoft au haina. Mtengenezaji akitaka kuweka mfumo wa mwingine, alikuwa analipa mara mbili. Serikali ya Marekani iliingilia, na mwaka 1994 kampuni ikakubali kuiacha mikataba hiyo. Mwaka 1996 kampuni ya kompyuta ya Compaq ilipoondoa alama ya Internet Explorer, brauza ya Microsoft, kwenye mashine zake na kuweka Netscape, brauza ya mshindani, Microsoft iliitishia kuifutia leseni ya Windows. Compaq ikairudisha. Mwezi Mei 1998 serikali na majimbo 20 wakaenda mahakamani. Jaji Thomas Penfield Jackson aliamua mwaka 2000 kwamba kampuni imevunja sheria, akaamuru igawanywe vipande viwili. Mahakama ya rufaa, Juni 2001, iliifuta amri ya kugawanywa lakini ikakubali kwamba Microsoft ilitumia njia haramu kulinda ukiritimba wake. Ulaya nayo iliitoza faini ya yuro milioni 497 mwaka 2004.

Kwa hiyo wingi wa Windows haukutokana na ubora peke yake. Wateja walifungiwa milango mingine, kisha wakaambiwa wamechagua.

"Nimeinunua kwa pesa yangu, hakuna anayeniingilia"

Windows 11 ya Home, unapoiwasha mara ya kwanza, inakutaka uwe na intaneti na akaunti ya Microsoft. Toleo la Pro lilifuatia mwaka 2022. Mwaka 2025 kampuni ilianza kuziondoa, kwenye matoleo ya majaribio, njia za mkato ambazo mafundi tulizitumia kukwepa sharti hilo. Na tangu toleo la 24H2, ukiipiga upya na kuingia kwa akaunti, diski hufungwa kwa usimbaji, yaani haisomeki bila ufunguo, na ufunguo wake unawekwa kwenye akaunti ile.

Sasa sikilizeni, maana hapa watu wanapoteza tasnifu na picha za harusi. Aliyekuuzia au aliyekupigia Windows akitumia barua pepe yake yeye, ufunguo wa diski yako anao yeye. Siku mashine inapodai tarakimu 48 za ufunguo huo, mimi sina ujanja, na fundi mwingine yeyote hana. Nimewaambia watu hivyo wakalia mbele yangu. Ingia kwa barua pepe yako mwenyewe, iandike ile namba kwenye karatasi, iweke ndani. Na angalia kama folda zako za Desktop na Documents hazijahamishiwa OneDrive, kwa sababu nafasi ya bure huko ni GB 5 tu, na ikijaa utaanza kuombwa ulipie kila mwezi.

"Linux ni ya wataalamu, tena haifungui Word"

LibreOffice, programu ya ofisi inayokuja na Mint, inafungua faili za Word na kuzihifadhi. Jedwali zito au fomu yenye mapambo mengi linaweza kuyumba kidogo, ndiyo maana nasema kila siku: hati ya kusomwa tu itume kwa PDF. Na wanaodhani mambo haya ni ya Wazungu, mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, kupitia mradi wa Kilinux. Gendarmerie, jeshi la polisi la Ufaransa, inatumia Ubuntu, aina nyingine ya Linux, kwa miaka mingi, na hao ni askari, si mafundi wa kompyuta.

"Nimezima apdeti zisinimalizie bando"

Hasira naielewa. Unanunua bando la siku, unafungua laptopu utume tangazo moja kwa mgeni, dakika kumi bando limekwisha na hujatuma kitu. Lakini Mei 2017 virusi vya WannaCry vilifunga kompyuta za hospitali za Uingereza kupitia tundu ambalo marekebisho yake yalikuwa yametolewa Machi. Waliopigwa ni wale ambao hawakuwa wameyaweka.

Usizime. Nenda kwenye mipangilio ya Wi-Fi, chagua mtandao wa simu yako, uweke alama kwamba ni wa kulipia kwa kipimo (Metered connection). Windows itaacha kuteremsha mizigo mizito humo. Kwenye mipangilio ya apdeti, tafuta sehemu ya kupeana mafaili na kompyuta nyingine (Delivery Optimization), uizime, maana inaweza kutumia bando lako kuwapelekea watu wengine apdeti. Kisha mara moja kwa mwezi peleka mashine penye intaneti isiyo na kikomo, chuoni au ofisini, uiache ishushe kila kitu usiku kucha.