Kushusha ovadrafti maana yake nini

Mwenye duka akikuambia "akaunti yangu iko minasi milioni tano na laki saba", usimpe pole kana kwamba kaibiwa. Ana ovadrafti. Benki imemruhusu atoe hela kupita alizonazo, mpaka kiwango walichokubaliana, na kila anachoweka kinaanza kwa kuziba pengo hilo. Kiwango chenyewe ndicho watu wanachokiita limiti. Limiti ikiwa 6,000,000 na akaunti ikasoma −5,700,000, amebakiwa na laki tatu za kuzungushia biashara, basi.

Kushusha ovadrafti ni kulimaliza deni hilo kwa awamu huku limiti yenyewe ikipunguzwa, tuseme laki mbili na nusu kila mwezi, mpaka ifike mnapotaka au iishe kabisa. Ni mpango unaoandikwa benki na kusainiwa, wenye tarehe na viwango. Nimeitaja limiti kwa makusudi. Wengi wanaojaribu kuilipa ovadrafti kidogo kidogo wanahangaika na salio, limiti wanaiacha pale pale, na mwaka ukiisha deni nalo liko pale pale.

Sababu iko kwenye ovadrafti yenyewe. Mkopo wa kawaida una rejesho, na rejesho likishakatwa limekatwa. Huwezi kurudi kesho dirishani ukalidai. Ovadrafti haina rejesho. Asubuhi umeweka laki tano, deni limeshuka laki tano. Jioni umelipia saruji ya laki tano, deni limerudi lilikokuwa. Umelipa? Umelipa kweli. Umepunguza? Hapana.

Mimi kazi yangu ni kuwatengenezea hesabu wenye maduka, na hapa mezani ninayo taarifa ya benki ya duka moja la vifaa vya ujenzi (namba nimezigeuza kidogo, duka ni la mtu). Mwezi ulianza akaunti ikiwa −5,700,000. Jumatatu yameingia mauzo ya mwisho wa wiki, 900,000, ikawa −4,800,000. Jumanne zimetoka 850,000 za nondo na saruji, −5,650,000. Jumatano kodi ya fremu 300,000, na sasa tuko −5,950,000, yaani imebaki elfu hamsini kugusa limiti. Ijumaa mkandarasi aliyekuwa amechukua bati kwa mali kauli tangu mwezi uliopita akalipa 1,850,000, akaunti ikapumua mpaka −4,100,000. Jumamosi ikaanza kuteremka tena. Mwezi mzima ziliingia milioni 14 na zikatoka milioni 14, na siku ya mwisho akaunti ikasoma −5,780,000.

Kwa mwenye duka, ameilipa benki milioni 14. Nimemsikia akisema hivyo, kwa uchungu, na simlaumu. Lakini karatasi inasema mengine: alichoingiza na alichotoa vimelingana, na kilichosogea ni elfu themanini tu, nayo imesogea kwenda chini. Hiyo elfu themanini ni riba.

Riba ya ovadrafti inahesabiwa kila siku kwa salio la siku hiyo, halafu inakatwa mara moja mwisho wa mwezi. Tuchukue asilimia 18 kwa mwaka, kwa ajili ya hesabu tu. Akaunti ikilala −5,700,000, usiku huo mmoja umegharimu kama shilingi 2,811. Ikilala −4,100,000, ni kama 2,022. Makato ya mwisho wa mwezi hayaji na ankara. Yanachukuliwa kwenye akaunti hiyo hiyo, kwa hiyo riba nayo inageuka deni na mwezi unaofuata inatozwa riba. Yakimkuta mtu akiwa −5,950,000, elfu themanini hiyo inamvusha limiti mpaka −6,030,000 bila yeye kununua hata msumari. Na kuvuka limiti kuna adhabu yake, ambayo kwa kawaida ni kali kuliko riba yenyewe.

Sasa, unajuaje ushushe kiasi gani? Chukua taarifa za miezi 12. Usiangalie siku mbaya, hizo unazijua. Tafuta siku nzuri kuliko zote kwa kila mwezi, ile akaunti ilipokaribia sifuri zaidi. Kwa duka hili mwezi huu ilikuwa −4,100,000. Mwezi mwingine −4,300,000, mwingine −4,000,000 kamili. Kwa mwaka mzima akaunti haikuwahi kupanda juu ya −4,000,000, yaani deni halikuwahi kushuka chini ya milioni nne. Maana yake ni kwamba ndani ya ile milioni sita mna vitu viwili. Milioni mbili za juu zinaenda na kurudi, zinanunua mali leo na kulipwa mkandarasi anapolipa. Hiyo ndiyo ovadrafti hasa. Milioni nne za chini hazijawahi kurudi. Ukimuuliza mwenyewe zilikwenda wapi, atafikiri kidogo kisha atasema: ni mwaka ule tulipoongeza stoo. Alijenga stoo kwa hela za kununulia mali, na stoo haiuziki kwa mwezi mmoja ikarudisha hela.

Hiyo milioni nne, mimi naiita deni lililolala, ndiyo ya kushushwa. Zile mbili za juu ziache zifanye kazi yake.

Ovadrafti tangu ilipoanza ilikuwa ya kazi hiyo ya juu. Mwaka 1728 huko Edinburgh, mfanyabiashara William Hogg aliruhusiwa na Royal Bank of Scotland, benki iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, kutoa hadi pauni 1,000 zaidi ya alizokuwa nazo. Shida yake angeielewa muuza bati yeyote: alikuwa akilazimika kulipa kabla wateja wake hawajamlipa. Hapakuwa na habari ya kujenga stoo.

Turudi kwenye hesabu. Milioni nne ukizishusha kwa 250,000 kila mwisho wa mwezi, ni miezi 16. Kwa riba ile ya asilimia 18, deni lililolala linakula 60,000 kwa mwezi likiachwa lilivyo. Kwa miezi 16 ni 960,000, na milioni nne zenyewe bado zipo. Likishushwa taratibu, riba ya miezi hiyo 16 inakuwa kama 510,000, na mwishoni milioni nne hazipo. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kulipa kidogo kidogo ni kujidanganya. Kujidanganya ni kuweka hela na kuzitoa ukaita malipo.

Laki mbili na nusu inatoka wapi ndilo swali gumu, na hapa benki haiwezi kukusaidia. Inatoka kwenye faida au kwenye mali iliyolala. Duka hili lina rangi na vigae vya miaka mitatu ambavyo hakuna anayevitaka. Viuzwe kwa bei ya kununulia, hata chini yake kidogo. Lina pia daftari la mali kauli lenye majina ambayo yakisomwa kwa sauti watu wawili watatu watatafuta njia ya kupitia uani. Kila anayelipa kati ya hao, hela yake isirudi kwenye nondo. Iende kushusha limiti.

Kuna na kijisenti kingine ambacho watu wanakidharau. Kwa kuwa riba ni ya kila siku, hela iliyolala kwenye droo inakugharimu. Laki tisa za Jumatatu zikipelekwa benki Ijumaa, zimekula kama shilingi 1,775. Ndogo, najua. Kwa wiki 52 ni zaidi ya elfu tisini, ambayo inatosha kulipa riba ya mwezi mmoja wa duka hili na chenji ikabaki.

Viwango vya kila mwezi havina ulazima wa kulingana, na hapa afisa mikopo aliyezoea ratiba za marejesho huwa mgumu kuelewa. Masika ikianza, kuanzia Machi mpaka Mei, ujenzi unasinyaa na vifaa haviuziki. Ukikubali kushusha 250,000 mwezi Aprili utazikopa kwingine, na kwingine kwenyewe mara nyingi ni kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba ya kukamua. Bora kuomba ratiba inayosimama masika na kwenda mbio kiangazi: Machi hadi Mei sifuri, Juni hadi Oktoba 400,000. Mwandikie meneja wa tawi barua yenye ratiba hiyo, ukiambatanisha mauzo ya mwaka uliopita mwezi kwa mwezi. Ovadrafti kwa mkataba wake benki inaweza kuidai yote muda wowote, kwa hiyo mteja anayekuja mwenyewe na mpango ulioandikwa anawapunguzia hofu. Tena benki nyingi hutoza ada ya kuihuisha ovadrafti kila mwaka kwa asilimia ya limiti. Limiti ikishuka, ada nayo inashuka.

Wengine benki itawashauri deni lililolala ligeuzwe mkopo wa kawaida wa miaka miwili au mitatu. Si ushauri mbaya. Rejesho linamfunga mtu asiyeweza kujifunga mwenyewe, na riba mara nyingine ni nafuu kidogo. Mtego wake ni mmoja: milioni nne zinahamia kwenye mkopo, limiti inaachwa kwenye milioni sita, na baada ya mwaka mtu ana mkopo wa milioni nne na ovadrafti ya milioni sita iliyojaa. Ukigeuza, limiti ishuke siku hiyo hiyo mpaka milioni mbili. Soma barua ya benki uone namba hiyo imeandikwa.

Ovadrafti ya simu ni ndugu wa hii, ila tabia yake ni tofauti. Safaricom ilianzisha Fuliza nchini Kenya mwaka 2019, na Vodacom Tanzania wana Songesha. Majina yamechaguliwa na mtu anayekijua Kiswahili: kufuliza ni kufanya jambo bila kukatiza, na kweli watu wamefuliza. Kule hakuna kupanga cha kulipa, maana hela yoyote inayoingia kwenye akaunti inamezwa kwanza na deni. Umetumiwa 1,000 na dada yako, imemezwa. Jioni unataka nauli na unga, unafuliza 1,000 ile ile, na kwa Fuliza kila unapochukua upya kuna ada ya asilimia 1 ya kiasi ulichochukua, ukiachilia mbali ada ya kila siku. Kushusha kwa upande huu hakufanyiki kwenye kuweka, kunafanyika kwenye kuchukua tena. Imemezwa 1,000, chukua 800. Ikimezwa 800, chukua 650. Deni likifika sifuri kuna chaguo la kujitoa kwenye huduma yenyewe, na anayejijua alitumie siku hiyo hiyo.

Kwa ovadrafti ya benki, mwezi wa tano au wa sita wa kushusha jiandae kwa simu. Akaunti yako sasa inapumua, hujavuka limiti hata mara moja, na kwenye kompyuta ya benki umekuwa mteja mzuri. Sauti ya kijana mchangamfu itakuambia umefanikiwa kupandishiwa limiti mpaka milioni nane, uje tu na kitambulisho.